Nimekulia kwenye Dragon Ball, wanangu hawaivumilii hata dakika 10

SWALI

Ndugu washauri, habari za majukumu.

Naishi Tabata, nina watoto wawili: binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Enzi zetu katuni ilikuwa na saa yake. Ukichelewa kutoka madrasa, au umeme ukikatika, imekula kwako. Unasubiri kesho wenzako wakusimulie. Wangu wanashika simu ya mama yao wanaangalia vipande vya nusu dakika: mtu anapasua mayai ya plastiki yenye midoli, mwingine anacheza gemu huku anapiga kelele, katuni zisizo na mbele wala nyuma. Kimoja kikiisha kingine kinajileta.

Nilikwenda kwa kijana anayeweka muvi, akanijazia flashi: Dragon Ball ile ya kwanza kabisa, Dragon Ball Z, na Captain Tsubasa ya zamani. Nikawakalisha sebuleni Jumamosi. Z inaongea Kijapani na maandishi ya chini hayatokei. Baadhi ya episodi zinatoa sauti bila picha. Tsubasa picha imevutika, mpira umekuwa kama yai. Mdogo akasinzia, binti akaniuliza, "Baba, mbona wanaangaliana tu, hawapigani?" Hata episodi moja hatukumaliza.

Sasa binti anataka Demon Slayer, kwa sababu binamu yake wa miaka 16 anaiangalia kwenye simu. Hoja yake ni kwamba na yenyewe ni anime, yaani katuni ya Kijapani, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema anime ni nzuri. Mama Nasra anasema niwaache, kila kizazi na mambo yake, na kwamba bando la nyumba hii naliunguza mimi na utoto wangu.

Naomba mnisaidie. Nifanyeje wapende nilivyovipenda? Hivi vya siku hizi vina madhara kweli, au ni mimi tu ninayekumbuka ujana? Na Demon Slayer nimruhusu?

Baba Nasra, Tabata

JIBU

Baba Nasra, salaam kwako na kwa mama Nasra, ambaye hilo lake la bando tutalirudia.

Tuanze na flashi, maana jioni yako iliharibikia hapo kabla watoto hawajatoa hukumu yoyote. Faili nyingi za anime huja kwa mfumo wa MKV, na faili moja inaweza kubeba sauti mbili au tatu ndani yake. TV hucheza ile iliyowekwa ya kwanza, ambayo mara nyingi ni Kijapani. Video ikiwa inacheza, tafuta kwenye rimoti kitufe cha Audio au menyu ya lugha, ubadilishe. Kama Kiingereza kimo, kitatokea. Maandishi kutotokea ni jambo jingine. Tafsiri za anime huandikwa mara nyingi kwa mfumo wa ASS, na TV nyingi zinasoma SRT tu. Ukipata SRT, ipe jina lile lile la video na uiweke kwenye folda moja nayo. Zile zenye sauti bila picha huenda zimebanwa kwa rangi za biti 10, ambazo TV nyingi za bei ya kawaida haziwezi kuzifungua. Hapo hakuna mpangilio wa kugusa, chomeka laptopu kwa waya wa HDMI na uchezeshe kwa programu ya VLC. Inafungua karibu kila kitu, na kuchagua sauti na maandishi ni kubofya mara mbili.

Huo mpira wa yai una sababu nyepesi. Captain Tsubasa ya kwanza ilirushwa Japani kati ya 1983 na 1986, wakati TV zilikuwa za umbo la 4 kwa 3. TV yako ni ya 16 kwa 9, kwa hiyo inaivuta picha ijaze kioo. Ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3, ukubali michirizi miwili myeusi pembeni. Hakikisha pia umezima ule mpangilio wa kulainisha mwendo, kama TV yako inao. Anime ya TV huchorwa mara nyingi michoro 8 kwa sekunde, kila mmoja ukirudiwa mara tatu kufikisha picha 24. TV ikijitia kubuni michoro ya katikati, ngumi ya Goku, shujaa wa Dragon Ball, inapoteza uzito wake wote.

Yote haya yajaribu peke yako watoto wakiwa shuleni. Baba anayehangaika na rimoti dakika 15 mbele ya watoto ameshapoteza mchezo.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi wa rika lako hawalishtukii: ulichokiona utotoni huenda sicho kilicho kwenye flashi. Tafsiri za Kiingereza za miaka ile zilikatwakatwa kwa ajili ya watoto wa Marekani. Damu ilifutwa, bunduki zilichorwa upya, na waliokufa walisemekana wamepelekwa "ulimwengu mwingine". Katika Dragon Ball Z majitu ya kuzimu yalivaa fulana zenye neno la Kiingereza HELL, wakaligeuza kuwa HFIL ili mtoto asisome jehanamu. Leo faili zinazozunguka ni zile za asili, zisizokatwa. Na Dragon Ball ya kwanza, ya 1986, isiyokatwa, ina utani mwingi wa aibu: yule Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, na tabia zake kwa msichana Bulma si kitu cha kuangalia na binti wa miaka 9 sebuleni huku bibi yake amekaa pembeni. Ifute, au ihifadhi mahali pako. Akifika sekondari mtajadiliana.

Kuhusu swali la binti yako: ana haki. Wanaangaliana tu kweli. Dragon Ball Z ilirushwa kila wiki kuanzia 1989 hadi 1996, episodi 291, wakati Akira Toriyama bado anaichora hadithi yenyewe kwenye jarida la kila wiki. Katuni ilimfikia mchoraji kisogoni, na watengenezaji wa katuni hawakuwa na uhuru wa kusimama. Kwa hiyo wakavuta: marudio ya wiki iliyopita, kukunja ngumi, kukodoleana macho, upepo unapuliza majani. Adui Frieza anapotangaza kwamba sayari ya Namek imebakiza dakika 5 ilipuke, dakika hizo zinakula karibu episodi 10. Wewe hukuona kasoro kwa sababu ulikuwa na wiki nzima ya kubishana na wenzako nani atashinda. Mtoto anayeanza upya anaona watu wazima wamesimama.

Dawa ipo na wenyewe Wajapani ndio walioitengeneza. Mwaka 2009 waliikata upya ikaitwa Dragon Ball Kai (kwa Kiingereza, Dragon Ball Z Kai). Safari ile ile kutoka adui wa kwanza, Raditz, mpaka adui Cell, iliyochukua episodi 194, imebanwa kuwa takriban 98. Ndiyo umpe, siyo Z. Ina tafsiri ya sauti ya Kiingereza pia. Captain Tsubasa nayo ilichorwa upya mwaka 2018, episodi 52, hadithi ile ile ya timu ya Nankatsu: Tsubasa anaandika changamoto kwenye mpira na kuupiga kutoka mlimani hadi kwa kina Wakabayashi, yule golikipa. Sizoni ya pili, ya mashindano ya vijana ya kimataifa, ilianza 2023. Bado mechi moja inaweza kula episodi tatu na zaidi, lakini hutaona tena mchezaji akikimbia uwanja usioisha mpaka goli linachomoza kwa mbali kama meli. Sisi tunaipenda zaidi ile ya 1983, kwa vitu visivyoelezeka. Mtoto mpe ya 2018.

Sasa tufike kwenye kiini. Wewe uliwaletea katuni, ukasahau kuleta ratiba yake. Kilichokuteka utotoni hakikuwa michoro peke yake. Ilikuwa episodi moja tu, saa moja tu, inakatika pabaya, na mtaa mzima umeiona ile ile. Kesho yake kwenye chandimu kila mtu anapiga "drive shoot", shuti la Tsubasa, na kubishana nani awe Hyuga, mpinzani wake. Ukimwaga flashi yenye episodi mia tatu mbele ya mtoto na kumwambia "hii ni nzuri sana", umempa kazi ya shule.

Kwa hiyo panga siku mbili kwa wiki, tuseme Ijumaa na Jumapili, baada ya magharibi, saa 1 usiku. Episodi moja. Inachukua dakika 23 hivi, na ukitoa wimbo wa mwanzo na wa mwisho, ambao kila mmoja ni sekunde 90, hadithi yenyewe ni kama dakika 20. Wimbo wa mwanzo usiruke, hata wakilalamika. Wiki ya pili watauimba bila kujua maneno. Zima kabla ya kile kionjo cha episodi ijayo, kwa sababu vionjo vya Dragon Ball vina tabia mbaya ya kutoboa siri ya nani kashinda. Na hapo ndipo penye ugumu wako wewe: binti akisema "baba, moja tu ya mwisho", jibu ni hapana, hata kama na wewe unaitaka. Asipolalamika ilipokatika, hiyo ni habari muhimu. Mpe episodi nne, akiendelea kutojali, badilisha katuni.

Lugha msiipuuze. Darasa la tatu au la nne mtoto wa shule ya Kiswahili hawezi kusoma Kiingereza kinachopita chini ya kioo kwa sekunde mbili, na wa miaka minne hasomi kabisa. Mji huu una mila ya watu kusimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na hapo nyumbani msimulizi ni wewe. Iangalie episodi mwenyewe kwanza, usiku mmoja kabla. Punguza sauti ya TV kidogo. Usitafsiri kila sentensi, utachoka dakika ya tano na utawaudhi. Sema mambo matatu tu kila eneo linapobadilika: huyu nani, anataka nini, nani anamzuia. Kwenye mapigano nyamaza kabisa. Kwenye utani chezea upendavyo, Wakabayashi akiongea Kiswahili cha mlinda mlango wa Tandale hakuna atakayekushtaki. Siku usipokuwepo, au umeme ukikatika, usiwarudishie episodi haraka. Muache binti amsimulie aliyekosa.

Swali lako la pili, madhara. Jihadhari na ile imani kwamba vya zamani vilikuwa vya polepole na vya leo ni vya kasi. Tom na Jerry wanapigana kwa kasi ya ajabu tangu 1940. Kasi ina athari fulani, ndiyo: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 60 wa miaka 4, na walioangalia dakika 9 za katuni ya kasi sana walifanya vibaya zaidi, mara tu baada ya hapo, kwenye majaribio ya kujizuia na kufuata maelekezo, kuliko walioangalia katuni tulivu au waliopewa karatasi na rangi. Kilichopimwa ni dakika zile baada ya kuangalia, siyo miezi. Usilitumie kumtisha mama Nasra. Litumie kupanga saa: vitu vya kasi visiwe kabla ya homuwaki wala kabla ya kulala.

Kinachotusumbua sisi kwenye vile vipande ni kwamba havina mwisho. Mtoto hapati mahali pa kukomea. Kwenye YouTube zima uchezaji wa kujiendesha. Swichi yake ndogo iko juu ya video inapocheza. Ukitumia YouTube Kids, kwa binti chagua kundi la miaka 9 hadi 12, kwa mdogo uchague ile njia ya mzazi kuidhinisha video moja moja, na uzime utafutaji. Ina saa ya kujifunga pia. Simu za Android zina mpangilio wa usalama wa kuibana simu ibaki kwenye programu moja mpaka uweke namba ya siri, nao unasaidia pale mtoto anapopewa simu ya mama yake kwenye daladala. Lakini hatua kubwa kuliko zote ni kuhamisha kuangalia kutoka mkononi kwenda kwenye TV ya sebuleni, ambako mtu mzima anapita akisikia kinachosemwa.

Na bando? Kwa viwango vya Netflix, ubora wa kati unakula karibu GB 0.7 kwa saa, ule wa juu unaweza kufika GB 3. Episodi moja kwa ubora wa kati ni kama MB 280. Mbili kwa wiki hazifiki MB 600, zikipakuliwa mara moja na kutazamwa bila mtandao. Ile foleni ya vipande isiyoisha ndiyo inayomaliza kifurushi, kwa hiyo hesabu hii mwonyeshe mama Nasra kwa utaratibu, usimwonyeshe kwa ushindi.

Mdogo mtoe kabisa kwenye mpango wa Dragon Ball. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya kioo kwa siku, na pungufu ni bora. Saa hiyo mpe vitu vifupi anavyoelewa. Akili and Me inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, inaongea Kiswahili, na Akili mwenyewe ni mtoto wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ukitaka lazima iwe anime, kuna Doraemon, yule paka roboti aliyetoka karne ya 22; kisa kimoja ni kama dakika 10 na vituko vyake vinaeleweka hata bila lugha.

Taa ya sebuleni iache imewaka, na wakae mbali na kioo. Siyo nongwa ya wazazi: tarehe 16 Desemba 1997 episodi moja ya katuni ya Pokémon ilimulika mwekundu na bluu kwa kasi, mamia ya watoto Japani wakakimbizwa hospitali, wengine wakiwa na degedege. Pokémon ilisimamishwa miezi minne. Toka hapo wanadhibiti mwangaza wa kumetameta, lakini faili za zamani na vipande vya mtandaoni havijapita kwa mtu yeyote.

Demon Slayer: hapana, kwa sasa. Episodi ya kwanza kabisa kijana anarudi nyumbani kwenye theluji anakuta mama yake na wadogo zake wamechinjwa, na damu haijafichwa. Filamu yake ya Mugen Train ilipewa daraja la R Marekani, maana yake chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima; Japani walishauri mwongozo wa mzazi kwa walio chini ya miaka 12. Imechorwa vizuri mno, tusimdanganye binti kwamba ni mbaya. Mwambie ni ya kina kaka yake, mtaje umri, 13 kwa mfano, na umri huo ukifika utimize. Attack on Titan, anime nyingine ya damu, akiiomba, jibu ni lile lile na umri uongeze.

Kukataa bila kumpa mbadala hakutafika mbali, kwa sababu simu ya binamu iko pale pale. Ongea na huyo kijana kwanza, umwombe kiutu uzima asiangalie mbele ya wadogo, na umpe kazi: yeye ndiye achague, kati ya orodha yako, kipi binti aanze nacho. Neno la kaka wa miaka 16 lina uzito kuliko lako, usilipiganie. Kwenye orodha weka Little Witch Academia ya 2017, episodi 25, wasichana kwenye shule ya uchawi, Pokémon Horizons ya 2023, ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu ni msichana, Liko, na haihitaji kujua chochote cha zamani, na Haikyu!! ya 2014, mpira wa wavu, ambayo kwa maoni yetu inafanya kile Captain Tsubasa ilichokuwa inajaribu kufanya, ila mchezaji anafika upande wa pili wa uwanja siku ile ile.

Akichagua Little Witch na kuiacha Captain Tsubasa kwenye flashi, mwache. Hiyo ya 1983 iangalie wewe, saa 4 usiku wakishalala, na hedifoni masikioni.